Zoloto Likiondoka, Usemi Hubaki

Mimi ambaye sauti ndiyo jembe langu, habari hii hunigusa. Mwaka 1873, mjini Vienna, daktari Theodor Billroth alimwondolea mgonjwa wa saratani zoloto lote, yaani kisanduku cha sauti kilichomo kooni. Kisu hakikumuua, lakini usemi je? Msaidizi wa Billroth, Carl Gussenbauer, akaunda zoloto la bandia lenye ulimi unaotetemeka kwa pumzi, kama ule wa zumari. Bubu wa jana akasema! Saratani ilirudi, akafariki mwaka 1874, lakini njia ilikwisha kufunguliwa. Mwaka 1980 Singer na Blom wa Marekani walitangaza vali ndogo inayopitisha pumzi hadi njia ya chakula, nayo hutetemeka na kutoa sauti. Sauti hiyo hukwaruza. Basi tusimkatize msemaji. Kila neno amelilipia ghali.