Hisa za huduma za mafuta zinavyotangulia kuyumba

KAMPUNI zinazotoboa visima vya mafuta kwa niaba ya wengine hazimiliki mafuta hayo, lakini hisa zake huwa miongoni mwa za kwanza kuanguka bei ya bidhaa hiyo inapotetereka. Kinachosahaulika sokoni ni kwamba hofu ya wawekezaji leo hupunguza mafuta yatakayopatikana miaka kadhaa baadaye.

Schlumberger, ambayo tangu 2022 hujiita SLB, ilianzishwa mwaka wa 1926 na ndugu wawili Wafaransa, Conrad na Marcel Schlumberger, waliobuni mbinu ya kutumia umeme kutambua miamba iliyo chini ya ardhi. Halliburton ya Marekani ilianza 1919, ikijulikana kwa kazi ya kujaza saruji kuzunguka mabomba ya visima. Baker Hughes iliundwa 1987 kampuni mbili zilipoungana. Wenye mafuta, wakiwemo Shell na Exxon Mobil, huzikodi kampuni hizi na kuzilipa kwa kazi.

Hapo ndipo hatari ilipo. Bei ikishuka, mwenye mafuta huendelea kuuza yanayotoka katika visima vya zamani, hata kwa faida haba. Anachositisha ni kuchimba visima vipya. Mwenye mtambo naye hubaki na chuma kilichosimama, mishahara ya kulipa na madeni ya benki. Mwekezaji analijua hilo, hivyo huuza hisa zake kabla mikataba haijafutwa.

Ndivyo ilivyokuwa baada ya Juni 2014, pipa lilipouzwa kwa zaidi ya dola 110. Kufikia Januari 2016 bei ilikuwa chini ya dola 30. Hesabu ya mitambo ambayo Baker Hughes hutoa kila wiki, na ambayo madalali huisubiri kwa hamu, ilionyesha kuwa mitambo iliyokuwa ikichimba mafuta Marekani ilipungua kutoka 1,609 Oktoba 2014 hadi 316 Mei 2016. Mwezi huo huo wa Mei, Halliburton iliacha mpango wa kuinunua Baker Hughes baada ya serikali ya Marekani kuupinga, ikailipa mwenzake fidia ya dola bilioni 3.5.

Weatherford haikustahimili. Kampuni hiyo, ambayo mtambo wake ndio uliotoboa kisima cha Ngamia 1 huko Turkana mwaka wa 2012, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai Julai 2019. Mwaka uliofuata janga la corona lilisimamisha usafiri duniani. Mnamo Aprili 20, 2020, mkataba mmoja wa mafuta ya Marekani ulifunga siku kwa dola 37.63 chini ya sufuri, maana wauzaji walikosa pa kuyahifadhi. Siku chache kabla, Schlumberger ilikuwa imepunguza gawio la wenye hisa kutoka senti 50 hadi senti 12.5 kwa robo mwaka.

Kisima, hata hivyo, hakimngojei mwekezaji atulie. Shinikizo lake hupungua kadiri mafuta yanavyotolewa. Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, lilisema mwaka wa 2025 kwamba karibu asilimia 90 ya fedha zilizowekezwa kila mwaka katika uchimbaji wa mafuta na gesi tangu 2019 zilitumika kufidia upungufu huo tu. Shirika hilo hilo lilikuwa limesema 2021 kwamba, dunia ikitaka kukomesha ongezeko la gesi chafu kufikia 2050, hakuna haja ya kuidhinisha maeneo mapya ya mafuta. Aliyesoma ripoti zote mbili ana haki ya kusitasita, kwani atakayenunua mtambo leo anabashiri mahitaji ya miongo ijayo.

Kwa Kenya, jambo hili si la madalali wa New York pekee. Tangu kiwanda cha Changamwe kilipoacha kusafisha mafuta 2013, petroli yote huagizwa ikiwa tayari. Septemba 2023 lita moja jijini Nairobi ilifika Sh211.64, ingawa ushuru ulioongezwa na udhaifu wa shilingi vilichangia pakubwa. Mafuta ya Turkana nayo, ambayo Tullow ilikubali 2025 kuiuzia Gulf Energy kwa angalau dola milioni 120, hayatatoka ardhini bila mitambo ya kukodi na mafundi wa kampuni za aina hii.