Msalaba wa Chuma: Manazi wa Sinema katika Vita Yetu ya 1964



Wenye kutengeneza sinema wamehangaika sana namna ya kuonyesha Hitler na wakubwa wake. Charlie Chaplin, mwaka 1940, alimfanya mtu wa kuchekwa katika The Great Dictator. Nyuma ya vita aliandika kwamba, kama angalijua mabaya yote ya kambi zile, hangaliweza kuitengeneza. Wengine wamemfanya shetani mtupu. Mwaka 2004 Wadachi wenyewe walitoa Der Untergang, ambamo mchezaji Bruno Ganz anamwonyesha Hitler amechoka, mkono unatetemeka, mpole kwa mwandishi wake. Watu wakanung'unika: mbona kumpa mtu yule sura ya mtu?

Swali hilo si la Wazungu peke yao. Linatuhusu sisi wa Kisangani, maana Nazi wa sinema ameingizwa hata katika vita yetu.

Mwezi wa nane wa 1964 Wasimba waliushika mji wetu, ukiitwa bado Stanleyville. Tarehe 24 Novemba maparakomando wa Ubeleji walishuka toka angani, na siku ile ile jeshi la inchi likafika pamoja na mamersenere, ndio askari wa kununuliwa. Upande mwingine, huko Coquilhatville (leo Mbandaka) na Boende, kikundi kimoja cha mamersenere kiliongozwa na Mdachi jina lake Siegfried Müller. Huyu hakuwa mkubwa wa Manazi. Alikuwa askari tu wa jeshi la Hitler. Lakini katika Kongo alivaa kifuani msalaba wa chuma, nishani aliyopewa katika vita ile. Msalaba mbele ya Wakristu wetu! Watu wakamwita Kongo-Müller.

Mwaka 1965 watu wawili wa sinema kutoka Udachi ya Mashariki, Walter Heynowski na Gerhard Scheumann, walimkalisha mbele ya kamera, wakimpa kinywaji wala wasimwambie wametoka wapi. Sinema yao, Der lachende Mann, maana yake Mtu Anayecheka, ilionyeshwa katika televizyo mwaka 1966. Ni kweli, walitaka kuwaaibisha ndugu zao wa Udachi ya Magharibi, na hila yao siisifu. Lakini walifanya jambo moja la maana: walimwacha aseme. Anakunywa, anacheka, anaeleza kwamba katika Kongo alitetea Ulaya na uhuru. Hana pembe. Ni mtu wa kukaribishwa mezani, na ndiyo sababu anatisha.

Mwaka 1968 ikatoka sinema nyingine, Dark of the Sun, juu ya mamersenere na Wasimba. Mwongozi wake, Jack Cardiff, ndiye aliyeshika kamera mwaka 1951 katika mto Ruiki, si mbali na mji wetu, kwa sinema The African Queen. Lakini safari hii hakurudi. Kongo yake aliitengeneza Jamaica. Humo yumo mersenere Mdachi, Henlein, anayevaa msalaba uliopindwa wa Hitler. Anawaua watoto wawili Wakongomani, kisha anamwua hata mwenzake. Mwishoni kapiteni wake, Curry, anamwua, halafu anajitoa mwenyewe ahukumiwe na jeshi.

Angalieni kazi ya Henlein katika hadisi hiyo. Dhambi nyingi za mamersenere zimetwikwa kichwani pake, naye anauawa; wenzake wanabaki safi kidogo. Basi, mwaka mmoja mbele, mwezi wa saba wa 1967, ni akina nani walioasi na kupiga vita hapa Kisangani? Jean Schramme, Mbeleji, na Bob Denard, Mfaransa. Hawa hawakuwa askari wa Hitler.

Na Wasimba? Katika sinema ile ni kundi la kupiga kelele, la kuua na kuuawa. Hakuna anayeuliza walikuwa watoto wa nani. Sisi tunajua kwamba kati yao walikuwamo wabatizwa. Mara nyingine ninaogopa kwamba hata sisi, katika mahubiri juu ya mashahidi wa 1964, tunawatumia Wasimba kama Cardiff alivyomtumia Henlein: wabaya ni wale, nasi hatumo.

Mtu aliyemwua Sista Anuarite huko Isiro, tarehe 1 Desemba 1964, ana jina: koloneli Olombe. Papa Yoane Paulo wa Pili alipomtangaza Anuarite mwenye heri mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, alisema mbele ya watu wote kwamba naye anamsamehe mwuaji yule. Hakusema juu ya shetani, wala juu ya kundi la Wasimba. Alisema juu ya mtu mmoja, aliyekuwa hai bado.