Mnalipia Ukuta wa Mkoloni

Wasee, mmeona zile hoteli za mahema Lodwar? Kitanda kikubwa, kiyoyozi, bwawa la kuogelea katikati ya jangwa. Picha zinatoka noma, sikatai. Lakini huo "umbali na dunia" mnaolipia, Mwingereza aliutumia kama ukuta. Kenyatta alipomaliza kifungo Lokitaung 1959, hakurudishwa nyumbani, aliletwa Lodwar, akawekwa hapo hadi 1961 alipohamishiwa Maralal. Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa, mgeni haingii bila kibali. Na kwa hilo jua, utoroke uende wapi?

Songa zaidi ya kilomita 100 kutoka Lodwar, ufike Kakuma. Kambi ya wakimbizi iko hapo tangu 1992. Kuna watu wa rika langu waliozaliwa mle ndani, na wakitaka tu kuja likizo Nairobi, lazima kwanza waombe kibali.