Kokoro, Kivuko na Kontena: Historia ya Istilahi Tatu za Kompyuta

Siku hizi ofisi nyingi hutumia programu ambayo huzuru kurasa za wavuti, huchota humo habari inayotakiwa, kisha huwagawia watumiaji wengine habari hiyo kwa utaratibu maalumu. Kazi ya kwanza ya programu hiyo bado haina jina moja katika Kiswahili: wako wanaoandika kukwangua, na wako wanaopendelea kuvuna. Tofauti hii si ya ladha tu. Tangu Tanzania ilipotunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, mtafsiri wa mkataba au mwongozo anahitaji neno lisilomhukumu mtu kabla ya hakimu.

Kazi yenyewe ni kongwe. Mwaka 1993 Matthew Gray, wa chuo cha MIT nchini Marekani, alitunga programu ya kuzunguka wavuti ili kupima ukubwa wake. Programu za namna hiyo zilipoanza kuzilemea mashine za watu, Martijn Koster alipendekeza mwaka 1994 kwamba kila mwenye tovuti aweke mlangoni faili fupi linalotaja sehemu zisizopaswa kuingiwa. Huo ulikuwa ustaarabu tu, usio na nguvu ya sheria. Na hata ulipoandikwa kuwa kanuni rasmi ya kiufundi mwaka 2022, utii wake umebaki wa hiari.

Wenyeji wa Kigongo, katika Wilaya ya Misungwi, hawangeshindwa kuelewa jambo hili. Katika Ziwa Victoria kuna kuvua, na kuna kuvuta kokoro. Kokoro ni wavu mrefu wa macho madogo, unaokokotwa hadi ufukoni pamoja na vifaranga vya samaki, na kanuni za uvuvi zimeupiga marufuku. Kuvuna humsifu mtendaji, kana kwamba shamba ni lake. Kukwangua, neno la ukoko wa sufuria na la vocha za simu, hutaja tendo bila kutaja haki. Kwa hiyo tunalichagua hilo, japokuwa si zuri masikioni.

Njia ya pili ya kupata habari ni mwenyewe kuitoa kwa masharti. Mwaka 2000 makampuni ya Salesforce na eBay yalifungua milango ya namna hiyo: programu ya nje hupeleka ombi pamoja na ufunguo wake, nayo hupewa jibu kwa kadiri ya kiasi iliyoruhusiwa. Hivyo ndivyo magari yalivyovuka kutoka Kigongo kwenda Busisi kabla ya daraja la kilomita 3 kufunguliwa mwezi Juni 2025. Dereva alikata tiketi, akangoja zamu, akapakiwa kwa kadiri ya uwezo wa chombo. Mitambo ya kivuko haikumhusu. Mwalimu atumie mfano huo bila hofu. Hata hivyo, kivuko hakifai kuwa istilahi, maana kina kazi yake ziwani. Kiolesura cha programu, ambalo watafsiri wamekwisha kulizoea, linatosha, ingawa neno kiolesura humfanya msomaji afikirie sura ya kutazamwa, na hapa hakuna anayetazama kitu.

Istilahi ya tatu haina ugomvi mkubwa. Tarehe 26 Aprili 1956 meli Ideal X ilitoka Newark kwenda Houston na makontena 58, na tangu hapo mzigo ukaweza kuhama kutoka meli hadi lori bila kufunguliwa. Mwaka 2013 Solomon Hykes alionyesha hadharani Docker, chombo kinachofungasha programu pamoja na maktaba na mipangilio inayohitaji, ili iendeshwe vilevile katika mashine yoyote inayokubali ufungashaji huo. Wako wanaotaka kasha. Lakini kasha ni sanduku lolote, ilhali kontena ni kitu ambacho mwananchi amekwisha kukiona barabarani kikigeuzwa duka, kikihamishwa na rafu zake zote. Tuandike basi kontena, wingi makontena, na kitenzi kiwe kupakia katika kontena. Kukontenisha ni kuzito mno mdomoni.