Barafu ya Kibo inakokwenda

Alfajiri, kabla mawingu hayajajikusanya, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana wazi kutoka Moshi mjini. Wengi tumekua tukiamini kwamba barafu ile huyeyuka ikateremka na mito ya Karanga na Weruweru mpaka kwenye mifongo, mifereji ya kumwagilia migombani. Lakini sehemu yake kubwa haishuki. Inapanda hewani.

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona theluji ya mlima huu, karibu na ikweta. Kule London, mwanajiografia William Cooley akakataa katakata kumwamini. Ramani ya mwaka 1912 ilionyesha barafu ya karibu kilomita za mraba 12. Kufikia 2000 zilikuwa hazifiki 3. Mwaka huo mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na wenzake walitoboa barafu hadi kwenye mwamba, wakakadiria tabaka la chini kuwa na umri wa miaka 11,700. Mtafiti mwingine, Douglas Hardy, naye akasimika kituo cha hali ya hewa juu ya barafu ya kaskazini.

Vipimo vya kituo hicho ndivyo vilivyotoa picha. Ndani ya barafu, molekuli za maji zimeshikana. Kule juu hewa ni kavu, na shinikizo lake ni kama nusu ya lile la pwani. Jua likiipa nguvu molekuli iliyo juujuu, hujinasua na kuruka moja kwa moja kuwa mvuke, bila kupitia maji. Hewani hakuna mvuke wa kutosha, hivyo zinazorudi ni chache. Hata kwenye friza nyumbani, vipande vya barafu vikisahauliwa wiki kadhaa husinyaa bila kudondosha tone.

Mtafiti Georg Kaser na wenzake wakaeleza kwamba ukame ulioanza mwishoni mwa karne ya 19 ndio ulioinyima Kibo theluji mpya. Thompson alijibu kwa viputo virefu alivyovikuta kwenye barafu ya juu: dalili kwamba ilikuwa imeyeyuka ikaganda tena. Naona pande zote mbili zina hoja nzito.

Kwetu sisi wa mabondeni, lenye uzito zaidi ni kwamba maji yetu yanategemea msitu kuliko barafu. Ukishuka msituni kwa njia ya Mweka asubuhi yenye ukungu, bila mvua yoyote, kuvumwani zilizoning'inia kwenye matawi zinachuruzika maji, na njia nzima ni tope.