Chuma Nacho Huchoka

Asimamaye juu ya jabali la Irente, karibu na Lushoto, huiona chini yake Mazinde, na mashamba ya mkonge, na njia ya reli itokayo Tanga. Reli hiyo ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Mombo, mguuni pa milima, mwaka 1905. Wajerumani walioijenga walikuwa wamekwisha kufunzwa na ajali za kwao kwamba chuma nacho huchoka.

Somo hilo lilianzia migodini. Katika milima ya Harz minyororo ya kuinulia mawe ya madini ilikuwa ikikatika ghafla, ilhali mzigo ni uleule wa jana. Wilhelm Albert akatambua kwamba kinachoua mnyororo si uzito peke yake, bali wingi wa mara unaporudiwa. Mwaka 1834 akasokota nyaya za chuma zikawa kamba. Baada yake August Wöhler, mhandisi wa reli, alizijaribu ekseli za mabehewa kwa miaka mingi. Kila mzunguko huipinda ekseli kidogo, huku na huku. Ufa mwembamba huzaliwa penye pembe kali au mkwaruzo, ukatambaa kimya, hata sehemu iliyosalia ikashindwa kubeba. Chuma kilichovunjika hivyo husomeka: upande mmoja ni laini, una mistari mithili ya ile iachwayo mchangani maji yakupwapo, upande wa pili umeparuza, ndio uliokatika kwa pigo moja.

Kabla ya vita vya 1914, kampuni ya Wilkins & Wiese iliteremsha mbao za mwangati kutoka Shume hadi Mkumbara kwa kamba za chuma zilizotandwa angani. Kamba ya namna hiyo hupindwa kila ipitapo kwenye gurudumu, na gurudumu likiwa dogo umri wake hupungua. Wajuao henza na abedari hawahitaji kuelezwa zaidi. Lakini uzi mmoja ukikatika, wenziwe hubeba, na ncha yake hujitokeza ikamwonya fundi. Mnyororo hauna hisani hiyo.

Bondeni adui ni wengine. Maji ya mkonge yana asidi, nayo huila korona. Vumbi likichanganyika na grisi husaga beringi. Grisi ikikosekana, joto huzibana mpaka zikagoma. Aghalabu husemwa kwamba mashine imekufa kwa uzee. Kauli hiyo ni ya uvivu: kipande kilichovunjika kingalipo mkononi, na uso wake haujafutika.