Usukani wa baiskeli ya mbio na ugomvi wa mabega

Tangu Januari 1, 2026, mwendesha baiskeli anayefika kwenye mbio za barabarani zinazosimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, akiwa na usukani wenye upana unaopungua milimita 400 kutoka ncha hadi ncha, haruhusiwi kushindana nao. UCI inasema inalinda usalama: usukani ukiwa mfinyu mno, mpanda hushindwa kuidhibiti baiskeli anapobanwa katikati ya kundi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kanuni ilipotangazwa Juni 2025, wanawake wengi waliipinga, na sababu yao anaielewa hata fundi cherehani wa mtaani. Mabega ya watu hayalingani.

Kipimo chenyewe kinahitaji maelezo. Madukani, usukani hupimwa kutoka katikati ya bomba la upande mmoja hadi katikati ya bomba la upande wa pili, na bomba lina unene wa karibu milimita 24. Kwa hiyo 400 za UCI ni takribani sentimeta 38 za dukani. Usukani wa 36, ambao wanawake wengi wenye mabega madogo huutumia, umepigwa marufuku isipokuwa ncha zake za chini ziwe zimetanuka kwenda nje. Kelele zilipozidi, UCI ililegeza masharti mengine: nafasi kati ya vishikio vya breki, ambayo awali ilitakiwa isipungue milimita 320, ikashushwa hadi 280. Zile 400 zikabaki palepale.

Msomaji aliyekulia kwenye baiskeli ya Phoenix anaujua usukani mpana unaorudi nyuma kumfuata mpanda, akaketi wima na mzigo wake wa ndizi au mkaa. Usukani wa mbio ni kinyume chake. Unatoka mbele, kisha unajikunja kwenda chini kama pembe za kondoo dume. Umbo hilo humpa mpanda mahali pa kushika patatu: juu pale palipo bapa anapopanda mlima polepole, kwenye vishikio vya breki anaposafiri, na chini kwenye mkunjo anapokimbiza au anapokata upepo. Mwendesha baiskeli wa kasi hupigana na hewa kuliko anavyopigana na barabara, na sehemu kubwa ya hewa hiyo hugonga mwili wake, si chuma. Akiinama na kubana mikono, anaokoa nguvu. Akiinama kupita anavyoweza, mgongo na viganja hulipa.

Baiskeli ya magurudumu yanayokaribiana ukubwa, Rover ya John Kemp Starley, ilitoka Uingereza mwaka 1885, na kufikia miaka ya 1890 wanamichezo walikuwa tayari wanauinamisha usukani. Mmoja wao anastahili kukumbukwa zaidi ya anavyokumbukwa. Major Taylor, Mmarekani mweusi aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mbio fupi mjini Montreal mwaka 1899, alitumia shingo ya usukani iliyorefushwa kwenda mbele ili apate nafasi ya kujilaza. Shingo ya aina hiyo inaitwa kwa jina lake hadi leo. Alifanya hivyo wakati washindani wake wazungu kwenye uwanja walikuwa wakimbana na kumwangusha kwa makusudi.

Baadaye Italia ikashika hatamu. Cino Cinelli, mshindi wa Milan–San Remo mwaka 1943, alianzisha kampuni yake mjini Milan baada ya vita, na sukani zake, za chuma kwanza kisha za aluminiamu, zikawa ndoto ya kila kijana wa mbio. Mwaka 1972, Eddy Merckx wa Ubelgiji aliweka rekodi ya saa moja mjini Mexico City kwa usukani wa kawaida wa kujikunja: kilomita 49.431.

Rekodi ya saa moja ni jambo jepesi kulieleza: mtu mmoja, uwanja wa duara, dakika sitini, umefika wapi? Hapo ndipo ugomvi mkubwa kuliko wote kuhusu usukani ulipozuka, na aliyeuzua hakuwa na timu kubwa wala mfadhili. Graeme Obree, Mskochi, aliunda baiskeli yake mwenyewe na kuiita Old Faithful, akitumia beringi za mashine ya kufulia nguo. Maajabu hayakuwa kwenye beringi. Yalikuwa mikononi. Obree aliufanya usukani uwe mfinyu na wa karibu, akakunja mikono chini ya kifua kama mtu anayeteleza kwenye theluji, mabega yakatangulia mbele. Hewa ikakosa pa kumshika.

Julai 16, 1993, mjini Hamar, Norway, alijaribu kuivunja rekodi ya Francesco Moser ya kilomita 51.151 na akashindwa. Alikuwa ametumia nakala mpya ya baiskeli yake. Aliomba arudie kesho yake asubuhi, jambo ambalo waliokuwa uwanjani waliona ni wazimu, kwa sababu miguu haiponi kwa usiku mmoja. Katika simulizi yake, ambayo makala haya yanaiegemea, Obree anaeleza kwamba alikunywa maji mengi usiku ule kwa makusudi, ili haja ndogo imwamshe kila mara, naye kila akiamka ajinyooshe misuli. Asubuhi alipanda Old Faithful. Saa ilipokwisha alikuwa amekwenda kilomita 51.596.

Furaha yake ilidumu siku sita. Julai 23 Chris Boardman, Mwingereza, aliivunja mjini Bordeaux. Aprili 1994 Obree akaichukua tena kwa kilomita 52.713, palepale Bordeaux. Ndipo UCI ikaupiga marufuku mkao wake. Mwezi Agosti, kwenye mashindano ya dunia mjini Palermo, bingwa mtetezi huyo alijulishwa kanuni mpya muda mfupi tu kabla ya kuingia uwanjani. Akaendesha kwa mkao wake. Akaondolewa.

Nawaelewa waliohofia kwamba baiskeli ingemshinda mwanadamu. Siwaelewi waliongoja hadi mtu amevaa viatu ndipo wamwambie. Obree hakunyamaza: alibuni mkao wa pili, mikono imenyooka mbele kabisa, akatwaa ubingwa wa dunia mjini Bogotá mwaka 1995. Boardman akauiga, akafika kilomita 56.375 mwaka 1996. Nao ukapigwa marufuku. Baadaye UCI ikaamua kuirudisha rekodi kwa Merckx na usukani wake wa kujikunja, na mwaka 2000 Boardman, mwishoni mwa safari yake ya michezo, akaenda Manchester na usukani wa namna hiyo. Alimpita Merckx kwa mita kumi. Miaka 28, mita kumi.

Wakati wakubwa wakigombana, mabadiliko yaliyomgusa mpanda wa kawaida yalikuja kimyakimya. Mwaka 1990 Shimano ilihamishia gia kwenye vishikio vya breki, na mikono ikapata pa kukaa siku nzima bila kuachia usukani. Mikunjo ikafupishwa kina na urefu. Kisha zikaja kanuni nyingine. Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefundishwa na David Kinjah huko Kikuyu, aliteremka mlima Peyresourde mwaka 2016 akiwa amekalia bomba la fremu na kifua juu ya usukani, akashinda hatua hiyo ya Tour de France. Tangu Aprili 2021 mteremko wa namna hiyo hauruhusiwi.

Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Wasichana wa Rwanda, Kenya na Uganda wanaoanza leo ni miongoni mwa watakaobanwa na zile milimita 400, na inasikitisha kwamba vipimo viliandikwa kwanza, mabega yakafikiriwa baadaye.

Hata asiyeshindana anaumia kwa kosa hilohilo. Kwetu, baiskeli nyingi za mbio ni mitumba, na usukani ulichaguliwa kwa ajili ya mwanaume mrefu wa Ulaya. Vidole viwili vya mwisho vikianza kufa ganzi, mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja umebanwa. Shingo ikiuma, mara nyingi usukani uko mbali au chini mno. Mwombe mtu akupimie kutoka mfupa wa bega moja hadi mwingine, na utafute usukani unaokaribia upana huo. Jihadhari na ule wa zamani wenye mkunjo wa kina cha milimita 150. Wa siku hizi una takribani 125, nao unafikika bila kuvunja kiuno. Na kabla hujanunua usukani mpya, mwambie fundi akufungie kwanza shingo fupi ya usukani. Ni bei nafuu zaidi, na mara nyingi inatosha.